Chanjo zimesogea mbali, kliniki tunaendea nini?

SWALI: Mwanangu ana miezi 10. Alipotimiza miezi 9 alichomwa chanjo ya surua na rubela, na muuguzi akaniambia dozi ya pili ni akifikisha miezi 18. Mama mkwe anasema hapa katikati sina haja ya kwenda mwendo wa saa mbili kwa miguu hadi zahanati ili mtoto akaning'inizwe tu kwenye mzani, tena msimu wa kulima. Je, nikisubiri nitakuwa nimekosea?
Mama wa mtoto mmoja, Bahi, Dodoma

JIBU: Usisubiri, mama. Miezi hiyo unayotaka kuiruka ndiyo ambayo udumavu huingia kimyakimya, kwa kuwa maziwa yako pekee hayamtoshi tena, na chakula anachoongezewa mara nyingi huwa uji mwepesi wa uwele usiotiwa karanga wala maziwa. Uzito wa siku moja hausemi mengi. Kinachosema ni mwelekeo wa mstari kwenye kadi. Mtoto ambaye mstari wake ulikuwa ukipanda, kisha ukalala kwa miezi miwili, anahitaji kuangaliwa hata kama kwa macho anaonekana amenawiri. Omba apimwe na urefu pia, maana udumavu hutambuliwa kwa urefu ukilinganishwa na umri, na mzani peke yake hauuoni.

Yapo pia matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, na dawa ya minyoo akitimiza mwaka.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaliulizi ni maendeleo yake mengine. Katika umri huu tunatarajia akae bila kushikwa, ageuke anapoitwa jina na atamke "bababa" au "mamama". Muuguzi mwenye foleni ndefu huenda akapima, akaandika na kumwita anayefuata, nami simlaumu. Kwa hiyo ni wewe utakayemwambia, "Nikimwita hageuki," ili masikio yachunguzwe mapema. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa hapa Dodoma Desemba 2021, haitenganishi afya na lishe na ujifunzaji wa awali.

Kuhusu umbali, muulize mhudumu wa afya wa kijiji siku ambayo huduma ya mkoba hufika karibu nanyi. Ukibanwa na shamba, mama mkwe mwenyewe anaweza kumpeleka mjukuu wake, mradi asisahau kadi.