Kwa nini Montfort, si Penthièvre?
Umeuliza ilikuwaje Bretagne, jimbo la kaskazini-magharibi mwa Ufaransa lililokuwa na mtawala wake, ikaangukia mikononi mwa akina Montfort badala ya Jeanne wa Penthièvre. Kwa upanga, ndugu yangu. Mtawala Jean III alifariki 1341 bila mtoto. Jeanne alikuwa binti wa Guy, mdogo wake marehemu wa baba na mama mmoja. Jean wa Montfort alikuwa mdogo wao kwa mama mwingine, Yolande. Kichekesho ni Philippe VI: yeye mwenyewe alipata ufalme wa Ufaransa kwa wanawake kuwekwa kando, halafu huku akamuunga mkono Jeanne, maana mumewe, Charles wa Blois, alikuwa mpwa wake! Charles aliuawa katika vita vya Auray, Bretagne, 1364. Montfort alishakufa 1345, kwa hiyo aliyekalia kiti ni mwanawe, na mkataba wa Guérande wa 1365 ukamthibitisha.