Kwa unayeanza na transista za tabaka moja: chunga maungio

Wageni wengi wakianza na molibdeni disalfaidi, nusu-kipitishi chenye kristali za tabaka tabaka, huhangaikia kupata tabaka moja. Hilo utalizoea upesi. Selotepu, ile ile iliyowapa wanafizikia Geim na Novoselov grafini, yaani tabaka moja la kaboni, mwaka 2004, bado inabandua vizuri, na juu ya silikoni yenye oksaidi ya nanomita 90 au 300 hivi, kipande chembamba huonekana kwa rangi kwenye hadubini. Ila usiamini jicho peke yake, pima Raman, yaani mwanga wa leza unaorudi umebadilika kwa mitetemo ya kristali. Vilele viwili vikuu vya spektra hiyo vikiachana kwa 18 au 19 cm⁻¹, hilo ni tabaka moja. Kwenye kipande kinene huachana kwa 25 hivi.

Kazi yenyewe iko kwenye maungio, yaani pale metali inapokutana na tabaka. Unene wa tabaka ni nanomita 0.65 tu, kwa hiyo metali inayotua ikiwa na moto inaweza kuharibu kristali pale pale elektroni zinapotakiwa kuingilia. Ukipima kwa elektrodi mbili, ukinzani wa maungio na wa tabaka huja umechanganyika, nawe utalaumu kristali isiyo na kosa. Chora elektrodi nne tangu mwanzo, hata kama kipande ni kidogo na mkono unatetemeka. Tena usifurahie haraka mstari ulionyooka wa mkondo na volteji. Poza sampuli kwanza: kizuizi cha elektroni kwenye maungio kilichojificha kwenye joto la chumba hujitokeza kwenye baridi. Mtu akikutajia wepesi wa ajabu wa elektroni, yaani jinsi zinavyosogea upesi ndani ya kristali, mwulize alipimaje maungio yake. Mimi huuliza kabla ya salamu kuisha.

Halafu kuna hewa. Pandisha volteji ya geti, elektrodi inayowasha na kuzima transista, kisha ishushe. Mistari miwili ya mkondo, wa kupanda na wa kushuka, isipolaliana, shuku maji na oksijeni zilizonata juu, pamoja na mitego ya chaji ndani ya oksaidi. Rudia kwa kasi tofauti, na kasi yenyewe iandike daftarini, maana pengo hubadilika nayo. Ukipasha sampuli moto kidogo ndani ya ombwe, mara nyingi pengo hupungua. Fosforasi nyeusi, nyenzo nyingine ya tabaka tabaka, haina subira hiyo, hewani huoza, basi ishughulikie ndani ya sanduku la glavu, lililofungwa hewa isiingie.

Na kabla ya kugusa sampuli, vaa mkanda wa ardhi mkononi, unaopeleka umeme tuli ardhini. Umeme tuli wa kidole unatosha kuunguza kifaa kizima, na huenda hadubini isikuonyeshe chochote.