Mjakaranda wako bado mtoto, usiukate

Dada, umeuliza kwa nini mjakaranda uliopanda kwa mbegu miaka 3 iliyopita, ulipohamia hapa Lubumbashi kutoka Bukavu, haujatoa hata ua moja. Subiri. Mjakaranda wa mbegu unaweza kuchukua miaka 7 na zaidi. Upate jua la kutosha tu, na panga lisiuguse kila mwaka, maana ukiukata ovyo unarusha matawi marefu yaliyosimama kama fimbo badala ya kutanda.

Siku utakapochanua utasahau yote. Ni Septemba na Oktoba, joto limepanda, vumbi jekundu hadi kwenye sufuria, na mti wenyewe umedondosha karibu majani yote, kwa hiyo unaona maua ya zambarau tupu. Mimi asubuhi sifagii chini yake mpaka nimalize chai. Jirani ananicheka, acha acheke. Watoto wavae viatu lakini: nyuki hujificha ndani ya maua yaliyoanguka.

Umeuliza pia kuhusu mti wa flamboya. Yenyewe hufuata kuchanua, mvua zikianza, nyekundu kama makaa. Ila ipande mbali na nyumba. Mimi niliiweka mita 2 kutoka ukutani, na leo ukuta una ufa unaoingiza kidole.

Na usingojee mti wako. Mwisho wa Agosti toka nje ya mji uangalie miombo, miti ya msituni: majani machanga yanatoka na rangi ya shaba, wakati hata tone la mvua halijaanguka.