Mkwe wako hakukutukana, aliusemea ukuta

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, nimeolewa miaka 6, tuna watoto wawili, wa miaka 4 na wa mwaka 1. Mwaka jana tulihamia nyumba ya marehemu babu yake mume wangu, Tanga mjini, bangalo la enzi za Mwingereza, kuta za mawe ya matumbawe na paa la vigae. Tangu tuhamie, mume wangu anamwaga pesa kwenye vitu visivyoonekana: paa, waya, mitaro kuzunguka nyumba. Kochi hatuna, jikoni hakuna makabati, dari liko juu kama la kanisa na hataki tushushe jipsamu. Mwezi wa nne, alipokuwa safarini, nilitoa pesa yangu mwenyewe ya kikoba, sh. 1,850,000, sebule ikapigwa lipu ya simenti na rangi ya mafuta. Sasa rangi inabambuka. Mama mkwe alipokuja akasema mbele ya fundi: 'Toeni simenti hiyo, ukuta unataka kupumua. Sisi tulikuwa tunapaka chokaa kila mwaka.' Nilidhalilika. Tangu siku hiyo mume wangu hanisemeshi zaidi ya salamu. Nimeshatanguliza sh. 600,000 ya kochi la kona la milioni 2.4, na marejesho ya kila Ijumaa yananikaba. Mtoto mdogo anakohoa usiku. Shangazi, huyu mwanaume ananithamini kweli? – Niliyechoka, Tanga."

Marahaba mwanangu. Kulea watoto wawili katikati ya vumbi la mafundi ni kazi nzito, pole sana. Sasa nisikilize, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara naona jambo ambalo hukutaka nilione.

Unasema ulitumia pesa yako mwenyewe. Pesa ya mtu mwenyewe hairejeshwi kila Ijumaa. Huo ni mkopo, na kwa jinsi ulivyoandika, mumeo hajui. Unasema alikuwa safarini kana kwamba safari ilitokea tu. Mwanangu, uliisubiri. Mtu akirudi akakuta sebule ya babu yake imebadilishwa bila neno, kisha mama yake akaeleza kosa liko wapi, halafu mkewe akanuna, atasema nini zaidi ya salamu? Mumeo hajaacha kukuthamini. Amenyamaza kwa sababu hajui ni kipi kingine umekificha.

Na mkwe wako ana haki. Nitakueleza kwa nini, ili usifikiri namtetea kwa uzee wake.

Nyumba za pwani za umri huo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unene wa sentimita 45 hivi, na chini ya ukuta mara nyingi hakuna kizuizi chochote cha unyevu. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta kila siku. Lipu ya chokaa ina vitundu vidogo, basi maji hupanda kidogo, hutoka nje kama mvuke, na ukuta unabaki salama. Ukiufunika kwa simenti na rangi ya mafuta juu yake, umefunga mlango wa kutokea. Maji hayakomi kupanda, yanapanda juu zaidi kutafuta njia, na yanabeba chumvi. Chumvi ikifika nyuma ya lipu hukauka, huwa punje, punje huvimba na kuisukuma lipu iachie. Ndiyo maana rangi yako inabambuka, na ulipiga mwezi wa nne, katikati ya masika, ukuta umeshiba maji. Nenda sasa hivi ugonge ukuta kwa kifundo cha kidole, kuanzia chini ukipanda. Pale panapolia kama mtungi mtupu, lipu imeshaachia hata kama rangi bado inang'aa. Ukiona unga mweupe umechanua juu ya ubao wa chini wa ukuta, hiyo ni chumvi.

Simenti hiyo itoke. Itolewe kwa tindo na nyundo ndogo, taratibu, maana simenti ni ngumu kuliko matumbawe na fundi mwenye haraka ataondoka na jiwe lenyewe. Pandisheni hadi futi 2 juu ya alama ya unyevu. Baada ya hapo msipige kitu. Ukuta mnene hivyo hukauka kwa miezi, si kwa wiki. Chumvi itaendelea kutoka. Kila wiki ipangusieni kwa brashi kavu, ikusanyeni kwenye sinia mkaitupe nje. Msiioshe kwa maji, itarudi ndani. Mkibomoa sasa, mwezi wa nane, mtafika Januari, kaskazi inapovuma, mkiwa na ukuta unaofaa kupigwa.

Kupiga kwenyewe ni hivi: chokaa iliyolowekwa ndoo 1, mchanga wa mto uliochekechwa ndoo 3. Mchanga wa ufukweni hapana, utakuwa umerudisha chumvi uliyoitoa. Chokaa ya mfuko ilowekeni angalau usiku kucha, ikikaa wiki kadhaa chini ya maji ni bora zaidi. Lowesheni ukuta kwanza. Tabaka moja lisizidi milimita 10, na la pili lisubiri hadi ukibonyeza la kwanza kwa ukucha ibaki alama, lakini kidole gumba kisizame. Asubuhi na jioni nyunyizeni maji, na dirishani ning'inizeni magunia yaliyolowa, kwa sababu chokaa inayokaushwa na upepo wa siku moja huwa unga. Mwisho pakeni maji ya chokaa, mepesi kama maziwa, mikono 4 au 5. Watoto wakae mbali kabisa siku hizo, chokaa mbichi huunguza macho.

Hayo yote hayana maana kama mitaro haipo, na hapa ndipo unapomwonea mumeo. Nyumba za zamani huzikwa kidogo kidogo: leo kifusi, kesho bustani, keshokutwa mtu anamwaga zege hadi ukutani. Ardhi ya nje inapopanda juu ya sakafu ya ndani, ukuta unakunywa kila mvua inayonyesha. Ardhi inatakiwa iwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 au zaidi, na iinamie nje, sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Mitaro unayoilalamikia ndiyo dawa ya rangi inayobambuka.

Paa nalo. Kigae kikipasuka, maji hayadondoki hapo hapo. Hutembea juu ya mbao yakaja kutokea chumba kingine, na bati la bonde, pale pande mbili za paa zinapokutana, huoza kwa majani yanayokaa juu yake. Mbao iliyolowa ndiyo mchwa anayoipenda. Mwambie mumeo akuonyeshe: bisibisi ichomwe kwenye kila kenchi karibu na ukuta. Ikizama kama kwenye andazi, mbao hiyo haiwezi kubeba vigae, maana mita moja ya mraba ya vigae ni zaidi ya kilo 40. Hii imalizwe kabla ya Oktoba, vuli haisubiri mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyinyi ukuta mnao tayari wa kujenga.

Waya za nyumba za wakati huo zilifunikwa mpira na kitambaa. Mpira huo ukizeeka hukatika ukiugusa, na soketi nyingi hazina waya wa ardhini. Hita ya kuogea ya kilowati 5 hula ampea karibu 22. Ikiwekwa kwenye waya wa taa wa milimita 1.5 za mraba, waya unachemka ndani ya ukuta wakati mtoto anaoga. Taa zipate 1.5, soketi 2.5, hita na jiko la umeme njia zake peke yake, waya wa 4 hadi 6, kila njia na sakiti breka yake, na chuma cha ardhini kilichopigwa nje na kupimwa na fundi umeme mwenye leseni. Hizo ndizo pesa za "vitu visivyoonekana". Mwanaume anayezika pesa ukutani ili wanawe wasiteketee usingizini, unauliza kama anakuthamini!

Dari liacheni lilipo. Waliojenga Tanga futi 10 na 12 kwenda juu walilijua joto la Tanga. Hewa ya moto inapanda juu ya vichwa vyenu, pangaboi linazunguka bila kumkata mtu. Ukishusha jipsamu hadi futi 8 umelivuta joto kitandani, pangaboi halina tena pa kukaa salama, na paa likivuja huoni hadi jipsamu idondoke.

Ndoa za siku hizi zimeingiliwa na picha. Mtu anaona sebule ya shoga yake kwenye simu, kochi la kijivu, televisheni ukutani, taa za rangi kwenye dari, na moyo wake unahama kutoka nyumbani kwake mwenyewe. Haoni kwamba shoga amepanga, mwenye nyumba ndiye anayehangaika na choo kikiziba. Tumelea wasichana wanaojua bei ya pazia na hawajui koki kuu ya maji iko wapi. Na wavulana tumewalea vibaya vilevile: mwanaume anapanga mambo kichwani, anatoa amri, anadhani mke atafahamu. Mumeo angekaa nawe na daftari siku ya kwanza, akakuandikia paa mwezi huu, waya mwezi ule, kochi tarehe fulani, barua hii usingeiandika. Hilo kosa ni lake, na mwambie nimesema. Ila wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na wewe ulianza na mlango.

Sasa kochi. Pima sebule. Sebule za bangalo za namna hiyo mara nyingi zina mlango zaidi ya mmoja. Chukua chaki, chora kochi lako la kona sakafuni kwa vipimo alivyokupa muuzaji, kisha tembea na beseni la nguo mkononi. Panatakiwa sentimita 75 za kupita, na mlango lazima ufunguke wote. Ninavyolijua kochi la kona, litaziba mlango wa baraza, na huenda lisipite hata mlango wa mbele. Nenda kwa muuzaji kabla hajalikata, mwombe hiyo 600,000 iwe viti viwili vya mninga vyenye mito ya kutoa. Viti vitakaa barazani mpaka ukuta upone, wageni watapata upepo. Vikiingia ndani, viache nafasi ya upana wa kiganja kati ya mgongo na ukuta. Makabati ya jikoni ya mbao za kusaga usiyaguse kwa sasa. Yakisimama kwenye sakafu yenye unyevu huvimba kuanzia miguuni kama mkate kwenye chai. Meza ya mbao na rafu za ukutani zinatosha. Sakafu nyekundu ya zamani kama ipo, isugue, ipake nta, usiifunike marumaru, maana unyevu ukizuiwa chini utakimbilia kuta.

Mtoto kwanza kuliko vyote hivi. Kesho mpeleke kliniki kwa hicho kikohozi, na leo usiku kitanda chake kitoke kwenye ukuta wenye unyevu kiende chumba kikavu, dirisha wazi, chandarua kimeshushwa. Milango ya zamani yenye rangi tabaka juu ya tabaka isipigwe msasa mkavu watoto wakiwa ndani. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vumbi lake linaingia mdomoni kwa vidole. Msasa uloweshwe, sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, watoto wawe kwa bibi yao.

Siri ya deni isipite Ijumaa hii. Mwambie mumeo mwenyewe, watoto wakilala, bila kuanza na "kama ungeninunulia kochi". Taja kiasi, taja kilichobaki, kisha nyamaza umsubiri. Akikasirika, ana sababu. Akishamaliza kukasirika, muombe daftari.

Kisha mpigie mkwe wako simu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na la kwako linapona. Usimpigie kuomba radhi kwa maneno mengi. Muulize ni fundi gani alikuwa akiwapakia chokaa, na kama yuko hai. Mafundi wanaoijua kazi hiyo wamebaki wachache na wengi ni watu wazima, yeye atajua wanakaa mtaa gani.