Bei ya mkupuo haifai kila kazi ya umma

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba taasisi yenu inaandaa zabuni ya mifereji ya maji ya mvua, na umeuliza kwa nini mikataba yote ya umma isiwe ya bei ya mkupuo, yaani bei moja iliyokubaliwa kwa kazi nzima, ilhali aina hiyo humwezesha afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, kujua tangu siku ya kusaini kiasi atakacholipa. Nimesimamia mikataba ya ujenzi kwa miaka kadhaa, na kwa maoni yangu uhakika huo hupatikana pale tu ambapo mnunuzi anakijua vizuri anachokinunua.

Katika mradi mmoja niliousimamia, mkandarasi alikutana na mwamba kabla ya kufika mita 2 chini ya ardhi, na mkataba wetu wa mkupuo haukusema lolote kuhusu mwamba. Kazi ilisimama, barua zikafuatana, na hatimaye tukalipia kazi ya ziada kwa bei ambayo haikushindanishwa na yeyote. Nilipofungua tena jalada la tathmini, nilikuta kwamba mzabuni mmoja tuliyemwacha kwa sababu ya bei kubwa alikuwa ameweka gharama ya kupasua mwamba. Kumbe ndiye aliyekuwa ameisoma ardhi vizuri kuliko sisi wenyewe.

Uchimbaji ule ulistahili mkataba wa vipimo, ambamo kiasi cha kila kazi hukadiriwa, bei ya kila mita hushindanishwa, na malipo hufuata kilichopimwa. Kitabu Chekundu cha mwaka 1999 cha FIDIC, yaani mkataba wa mfano wa ujenzi wa shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kimejengwa juu ya msingi huo. Hata hivyo, aina hii inadai usimamizi wa karibu sana. Tangu wakati ule humtaka msimamizi wetu na mwakilishi wa mkandarasi washike futi kamba pamoja, waandike urefu, upana na kina katika daftari la vipimo, na watie saini wakiwa bado wamesimama ukingoni mwa mtaro, kwa kuwa ukishafukiwa hakuna awezaye kuthibitisha kina chake.

Kwa mhandisi mshauri atakayesimamia ujenzi, mkataba unaolipwa kwa muda unafaa zaidi, kwani kasi ya kazi haimo mikononi mwake. Lakini akiandaa michoro na ripoti tu, mlipeni kwa mkupuo. Mkataba wa kurejesha gharama halisi pamoja na ujira uachieni dharura, na ujira huo usiwe asilimia ya gharama, maana kila matumizi yanavyoongezeka ndivyo anayelipwa anavyonufaika. Serikali ya Marekani imeupiga marufuku mfumo huo wa asilimia katika mikataba yake. Vilevile, kazi ikizidi miezi 18, wekeni kifungu cha marekebisho ya bei, kama Benki ya Dunia inavyotaka katika miradi inayoifadhili.

Sasa nirudi kwenye mifereji yenu. Kama uchunguzi wa udongo haujafanyika, uchimbaji uwe wa vipimo, na mwamba uwe na kipengele chake na bei yake, tofauti na udongo wa kawaida. Vivuko vya zege ambavyo michoro yake imekamilika vinaweza kuwa vya mkupuo ndani ya mkataba huohuo, mradi nyaraka za zabuni zitaje waziwazi ni sehemu ipi inalipwa kwa utaratibu upi.