Maswali na majibu: Uamuzi ni wa nani, na hasara ni ya nani?

Barua zilizotufikia safari hii kutoka Arusha na Moshi zinahusu mambo mbalimbali, lakini zinakutana mahali pamoja. Kila mwandishi anauliza afanye nini, ilhali kinachomsumbua zaidi ni kujua sehemu yake inaishia wapi na ya mwenzake inaanzia wapi. Majibu yangu yameanzia hapo.

Ninaongoza wageni Mlima Kilimanjaro. Mgeni akianza kuumwa kambi ya Barafu usiku wa kupanda kileleni, naye anasema amelipa fedha nyingi na hatarudi, nifanye nini? Nikimshusha ninakosa tipu, na ofisi inaninung'unikia. — Mwongoza watalii, Moshi

Ndugu yangu, Barafu imepita mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, na Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Hewa ya huko unaijua kuliko mimi, kwa hiyo nitagusa tu yale yanayohusu uamuzi. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula huwapata wageni wengi, na zikiwa dalili nyepesi zinamtaka mgeni apumzike hapo alipo na asiongeze mwinuko mpaka zitulie. Lakini mgeni anayeyumba, anayeshindwa kutembea katika mstari mmoja kisigino kikigusa vidole, anayejibu maswali kwa kuchanganyikiwa, au anayetweta na kukohoa makohozi yenye povu hata akiwa ameketi, huyo ubongo au mapafu yake yameanza kudhurika, na tiba yake ya kwanza ni kushushwa usiku huohuo, bila kungoja kupambazuke.

Katika hali hiyo neno lake kwamba hatarudi halina uzito lililokuwa nao mchana, kwa kuwa akili anayoitumia kukataa ndiyo iliyoanza kuugua. Uamuzi umekuangukia wewe, uutake usiutake. Kushuka kwake hakuvunji safari ya wenzake, mradi yupo msaidizi wako wa kumsindikiza. Asiachwe ashuke peke yake, wala asikabidhiwe kwa mgumu, yaani mbeba mizigo, ambaye hajafundishwa kuzisoma dalili hizo.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya uamuzi huo hufanyika kabla ya usiku wenyewe. Jioni ya kwanza, wageni wakiwa wamekula na wana furaha, waeleze waziwazi ni dalili zipi zitakazomrudisha mtu na kwamba ukisema tunashuka hapatakuwa na mabishano, kisha kila mmoja akubali kwa kinywa chake. Mgeni aliyekwisha kukubali akiwa mzima hubishana kidogo sana akiwa mgonjwa. Halafu andika: saa, dalili, kipimo cha oksijeni kama unacho, na uamuzi uliochukua. Ofisi ikilalamika, ipe karatasi hiyo, na kwa heshima uiulize pia ni nani aliyemuuzia mgeni safari ya siku chache ili bei ionekane nafuu, kwa sababu mwili unaonyimwa siku za kuzoea mwinuko huugua kwa urahisi zaidi, na hilo si lako kulibeba.

Suala la tipu silipuuzi. Mgao wake unawagusa wagumu na mpishi, ambao hawakuulizwa lolote. Lakini ukikubali kuitia tipu katika mizani ile ya usiku, utakuwa umempa mgeni mgonjwa uwezo wa kukununua, na hatari hiyo haimhusu yeye peke yake.

Ninasimamia stoo ya vifaa vya ujenzi. Hesabu ya mwisho wa mwezi imeonyesha upungufu wa saruji na nondo. Bosi anataka kukata mshahara wangu wote. Sijui kama kosa ni langu, kwa sababu funguo tunazo watu watatu. — Mtunza stoo, Njiro, Arusha

Tuanze na sheria, maana inajulikana kwa wachache. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara ili kufidia hasara kwa amri ya mdomo tu. Hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako. Upewe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake. Upewe nafasi ya kupinga. Ukubali makato hayo kwa maandishi. Na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wako wa fedha taslimu. Kuchukua mshahara wote hakumo humo.

Usijifiche nyuma ya sheria lakini. Kaa na leja yako ujiulize kwa ukweli: je, kuna mzigo uliousainia bila kuuhesabu kwa kuwa dereva alikuwa na haraka? Je, kuna mifuko iliyotoka kwa ahadi kwamba risiti itakuja kesho? Kama ipo, hiyo ni yako, na ni afadhali uiseme mwenyewe kwa idadi kamili kabla haijasemwa na mwingine. Kisha useme kwa uwazi uleule kwamba stoo yenye funguo tatu na leja moja haiwezi kumwonyesha mtu yeyote nani alitoa nini, na kwamba aliyegawa funguo hizo si wewe. Watu wengi hukiri kila kitu ili yaishe, wakidhani huo ni uungwana. Kukiri usilolijua kunamsaidia mwizi halisi, kama yupo, na mwezi ujao upungufu utarudi ukiwa umekwisha kuukubali kwa saini yako.

Pendekeza ufunguo ubaki mmoja kwa kila zamu na makabidhiano yafanyike kwa kuhesabu. Ikishindikana kabisa, mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi uko wazi, ila una muda wake: siku 30 kwa mgogoro wa kuachishwa kazi na siku 60 kwa migogoro mingine.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anaomba nimdhamini mkopo kwa hati ya kiwanja chenye nyumba tunayoishi. Mke wangu hataki. Nikikataa nitaonekana sina utu. — Baba wa watatu, Ngaramtoni

Mzee mwenzangu, dada aliyekua naye nyumba moja anasema hapana. Hiyo ni taarifa kubwa kuliko yoyote utakayoipata benki.

Mdhamini hawajibiki nusu. Kwa sheria yetu ya mikataba, deni la mdhamini ni sawa na la mkopaji, isipokuwa mkataba wenyewe useme vinginevyo. Na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hati ina jina lako peke yako. Kwa hiyo kukataa kwa mke wako hakukuzuii kufanya uamuzi. Ni nusu ya uamuzi wenyewe, na nusu hiyo imekwisha kutolewa.

Ninachokuogopea ni namna utakavyolipeleka jibu. Usiende kwa shemeji ukamwambia kwamba wewe ulikuwa tayari ila dada yake ndiye aliyekataa. Hapo utakuwa umebaki na utu wako kwa kumfanya mkeo mwovu mbele ya ndugu zake, naye atakaa nao maisha yote. Sema: tumekataa. Kama mnacho kiasi ambacho mngeweza kukipoteza bila kulala njaa, mpeni kama msaada, mkijua huenda kisirudi.

Kila Desemba tunakwenda nyumbani Rombo, na kila Januari tunakopa ada ya shule ya watoto. Tufanyeje? — Mama, Sakina, Arusha

Dada, lipeni ada Novemba, hata kwa awamu, halafu mwende Rombo na kilichobaki. Kikibaki nauli tu, nendeni na nauli tu. Wazee wanataka kuwaona wajukuu. Kreti ya bia ina mashahidi wengi kuliko risiti ya ada, ndiyo maana inaonekana ya lazima.

Ni keshia dukani, nina miaka sita kazini. Nataka kuacha nichukue pikipiki ya mkataba. Wazazi wanapinga. — Kijana, Majengo, Moshi

Kijana wangu, wazazi wako wanaogopa ajali na aibu, nawe unaogopa kuzeekea kwenye kaunta. Hofu zote mbili ni za kweli, na hakuna hata moja inayokwambia kama hesabu itatoka. Mkataba wenyewe ndio unaojibu. Usome uone mwenye pikipiki anataka hesabu ya shilingi ngapi kwa siku, kwa muda gani, na ni lini hasa chombo kinakuwa chako. Angalia nani analipa sevisi na bima, siku ya kuumwa inahesabiwaje, na pikipiki ikiibwa mwezi wa kumi wa mkataba deni linabaki kwa nani. Kisichoandikwa, chukulia kuwa kitakuangukia wewe.

Kwa upande wa duka, kama unalipwa kwa mwezi toa notisi ya siku 28 kwa maandishi. Ukiacha kazi mwenyewe, usitegemee kiinua mgongo ambacho sheria inampa mfanyakazi aliyeachishwa na mwajiri.

Kama una leseni ya pikipiki, omba kuendesha ya mtu siku zako za mapumziko kwa mwezi mmoja, uandike kila jioni mafuta na mapato, kisha uwaonyeshe wazazi daftari hilo badala ya kubishana nao. Hesabu ikitoka, nenda. Na mambo yakiharibika baadaye kwa jambo ambalo hakuna aliyeweza kuliona, usikubali kuambiwa kwamba uliamua kijinga.

Kabla ya kusaini, mwombe mwenye pikipiki akukutanishe na dereva aliyemaliza mkataba kama huo na kukabidhiwa kadi. Akikosa hata mmoja, endelea na kaunta mpaka umpate mwenye pikipiki mwingine.