Maswali yenu: mbona kila mtu anaulizia imani ya mwenzake?

Nimechagua matano tu, mengine yote yanafanana na hili la kwanza.

Shemeji yangu anaamini kila uzushi anaotumiwa kwenye simu. Nimfanyeje abadilike?

Swali hili naletewa kila wiki, kinachobadilika ni ndugu tu, leo shemeji juzi mama mkwe, na sijawahi kuona hata mmoja kaandika "mimi ndo naamini uzushi, nisaidieni". Sasa hao wazushi wanaishi wapi? Kitu cha mwisho ulichofowadi bila kukisoma chote, kilikuwa kinakubaliana na wewe au kinakupinga? Haya, anzia hapo, shemeji atasubiri.

Nitajuaje kama ninachoamini ni kweli au nimekizoea tu?

Angalau wewe umejiuliza mwenyewe. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason wa London alichapisha jaribio lake, aliwapa watu namba 2, 4, 6 akasema zinafuata kanuni fulani, tajeni tatu nyingine nitawaambia kama zinaifuata, mkishaijua semeni. Wengi wakashika kichwani "zinapanda kwa mbilimbili", mtu anataja 8, 10, 12 anaambiwa ndiyo, 20, 22, 24 ndiyo tena, anatangaza kanuni yake kifua mbele halafu anaambiwa umekosa. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda, basi. Angejaribu 1, 2, 50 angeshtuka mapema. Kwa hiyo usiniambie una ushahidi kibao, na wao walikuwa na ndiyo kibao. Chukua karatasi uandike ni kitu gani kikitokea utakubali ulikosea, na uandike kabla hakijatokea, maana kikishatokea utakitafutia kisingizio tu. Ukikosa cha kuandika, jibu lako umeshalipata.

Mimi sina imani yoyote, nafuata fakti. Haya yananihusu?

Wewe ndo hasa.

Kwa nini nikipingwa naumia hata kama mtu kasema kwa upole?

Kwa sababu bili inayokuja ni ya kila ulichofanya ukiwa umekosea. Daktari Ignaz Semmelweis kule Vienna aliona kina mama wanakufa kwa homa ya uzazi kwenye wodi ya madaktari na wanafunzi wao, watu waliokuwa wanatoka kupasua maiti wanakuja kuzalisha. Akawaagiza wawe wananawa mikono kwa maji ya klorini, vifo vikashuka kutoka kama asilimia 18 Aprili 1847 hadi kama 2 mwezi Juni. Wengi bado walimkatalia. Ni kweli vijidudu vilikuwa havijaeleweka na maelezo yake yalikuwa na mapengo, lakini hebu jiweke kwenye nafsi ya daktari mwenye miaka 20 kazini: akikubali kunawa leo, wale mama wa jana waliuawa na nani? Ila msianze sasa kila anayepingwa kujiita Semmelweis, yeye alikuja na hesabu za vifo mkononi, wengi wenu mnakuja na sauti tu.

Nikianza kuhoji si nitabaki mtupu? Na wewe mwenyewe umewahi kubadilika?

Hoji kimoja kimoja, mchana, ukiwa umeshiba. Na angalia unapohamia, kuna watu wanaacha imani moja asubuhi, jioni wameshamezwa nzima nzima na jamaa mwenye maikrofoni anayewaita "mlioamka".

Mimi miaka na miaka niliamini mdogo wangu ni mvivu. Akilala mpaka saa nne nasema si nilisema, akiamka alfajiri nasema leo kuna kitu anataka kuomba. Siku moja nikaona hapa hakuna namna huyu mtoto anaweza kushinda, nikaanza kuandika kwenye daftari nani kaamka wa kwanza, wiki mbili. Asubuhi 14, yeye 9. Nikampelekea daftari nimwombe radhi, akanuna siku nzima kwamba kumbe nilikuwa namhesabia.